Usisage pistoni za IST yako: jibu la fundi kuhusu kushusha kompresheni kabla ya kufunga turbo

Kijana mmoja wa Makorora ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ. Nimepata turbo ndogo iliyotumika na nataka kuifunga. Fundi wangu anasema kompresheni ya injini hii ni kubwa mno kwa turbo, lazima ishushwe kwanza, na amenipa njia mbili: kuweka gasketi mbili za silinda hedi, au kusaga vichwa vya pistoni. Wengine wananiambia injini yangu imeshachoka kidogo, kwa hiyo kompresheni imeshashuka yenyewe. Nifuate ipi? Gari nalitumia kila siku hapa Tanga, na kila mwisho wa mwezi napanda Lushoto kwa wazazi."

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu, sababu zitafuata. Usiweke gasketi mbili, na usiruhusu mtu aguse vichwa vya pistoni kwa tupa wala kwa mashine. Injini iliyochoka nayo haijashushwa kompresheni. Imechoka, na turbo itaimaliza. Kwa matumizi uliyonieleza, turbo ndogo (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, inayozungushwa na moshi wa ekzosi) inaweza kufungwa kwenye 1NZ bila kugusa kompresheni ya kiwandani, ilimradi busti, yaani mgandamizo unaoongezwa na turbo, ibaki chini, hewa ipozwe, na mafuta pamoja na moto wa plagi vipangwe upya. Ukitaka nguvu kubwa zaidi ya hapo, njia ya kushusha kompresheni ninayoiamini ni moja, nayo ni kubadili pistoni zote nne kwa pistoni zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Fundi wako usimgombeze. Hatari aliyoiona ipo kweli. Ninachobishana naye ni dawa.

Tuweke maneno sawa kwanza, maana kwenye gereji zetu, kuanzia Ngamiani hadi Kange, neno moja la "kompresheni" linabeba vitu viwili. Kuna ile ya geji: unatoa plagi, unapachika geji, mwenzako anapiga stata, mshale unapanda. Hicho ni kipimo cha afya ya ringi, valvu na gasketi. Halafu kuna uwiano wa kompresheni, ambao umo ndani ya umbo la chuma chenyewe: nafasi yote iliyopo pistoni ikiwa chini kabisa, ukiigawanya kwa nafasi inayobaki pistoni ikifika juu kabisa. Ringi zikilika mshale wa geji utashuka, lakini uwiano uko palepale alipouacha Toyota. Kilichobadilika ni kwamba hewa na moshi vinapenya kandokando ya pistoni na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Sasa fikiria unaongeza turbo juu ya injini ya namna hiyo. Moshi unaoshuka unaongezeka, sampu inajaa upepo, sili zinaanza kutema oili, na oili inayotoka kwenye turbo inakosa njia ya kurudi kwa sababu inarudi kwa uzito wake tu, haisukumwi na kitu. Turbo inaanza kuvuta moshi wa bluu na watu wanailaumu turbo. Mbaya zaidi, mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa unaharibu uwezo wa petroli kuvumilia joto, na injini inagonga (mlipuko wa ndani nitakaoueleza hivi punde) mapema kuliko ambavyo ingegonga ikiwa nzima. Kwa hiyo yule anayekwambia uchakavu ni mtaji, mshukuru kwa salamu na uendelee na shughuli zako.

Uwiano wa injini yako ni 10.5 kwa 1. Silinda ina kipenyo cha milimita 75, pistoni inatembea milimita 84.7. Ukipiga hesabu, silinda moja inameza sentimita za ujazo 374. Mara nne unapata 1,497, ndiyo cc 1500 iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. (Hakikisha lakini kwamba gari lako ni NCP61. IST nyingi zilizoko mjini ni NCP60, na hizo zina 2NZ ya cc 1300. Mwendo wa pistoni ni mfupi na hesabu zinabadilika.) Gawa 374 kwa 9.5, utapata 39.4. Hiyo ndiyo nafasi yote inayobaki juu ya pistoni ikifika juu kabisa, kama vijiko 8 vya chai. Tuseme lengo ni kushuka hadi 9 kwa 1: unahitaji nafasi ya 46.8. Maana yake unatafuta kuongeza sentimita za ujazo 7.4 kwa kila silinda, kijiko kimoja na nusu cha chai. Makelele yote haya ya gasketi na tupa ni kwa ajili ya kijiko kimoja na nusu, na swali la maana ni kijiko hicho ukiweke wapi.

Kwa nini turbo na uwiano mkubwa havipatani? Plagi ikipiga cheche, petroli haiwaki yote kwa mara moja. Moto unaanzia katikati na kusambaa kuelekea kuta za silinda, kama moto wa makuti unavyotembea. Wakati unatembea, mchanganyiko ambao bado haujafikiwa, ule ulioko pembezoni, unabanwa na kupashwa joto na moto unaokuja. Ukipata joto na mgandamizo kupita kiasi unalipuka wenyewe kabla moto haujafika. Ndiyo kugonga huko. Masikioni ni kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ndani ya silinda mlipuko huo unakwangua tabaka jembamba la hewa baridi linalokinga kichwa cha pistoni, joto linaingia kwenye aluminiamu moja kwa moja, na kuta nyembamba zilizo katikati ya mifereji ya ringi zinapasuka. Pistoni ya kawaida ya kuyeyusha na kumwaga kwenye kalibu, kama zilizomo kwenye 1NZ yako, haidumu kwenye kipigo hicho. Inaweza kuvumilia sekunde chache, na inaweza isivumilie.

Turbo inachangia mara mbili: inaleta hewa nyingi zaidi, na inaileta ikiwa ya moto. Watu wanaikumbuka ile ya kwanza na kusahau hii ya pili, kwa hiyo nipe dakika nikuonyeshe kwa hesabu.

Chukua mchana wa kawaida wa Tanga, nyuzi joto 32. Hewa tunayovuta hapa ufukweni ina mgandamizo wa baa 1 hivi. Turbo ikiongeza nusu baa juu yake, hewa hiyo inatoka kwenye turbo ya kawaida ikiwa na nyuzi 87 hivi. Ikiingia kwenye injini ya uwiano wa 10.5, pistoni ikifika juu kabisa, bila kuhesabu joto la moto wenyewe, nadharia inakupa nyuzi kama 547. Injini yako ilivyo leo bila turbo inafika kama 420. Umeongeza nyuzi 127, na hapo ndipo kugonga kunapozaliwa.

Fuata ushauri wa fundi wako sasa: shusha uwiano hadi 9, mengine yabaki hivyohivyo. Unapata 504. Umepunguza nyuzi 43.

Halafu acha uwiano wa kiwandani, ila pitisha hewa kwenye intakula nzuri, yaani kipoza hewa kinachofanana na rejeta, inayoondoa asilimia 70 ya joto lililoongezwa na turbo. Hewa inaingia ikiwa na nyuzi 48 au 49 badala ya 87, na kileleni unapata 459. Umepunguza nyuzi 88. Intakula, kitu kinachofungwa nyuma ya bampa kwa bolti nne bila kufungua injini, imefanya kazi mara mbili ya kile ulichotaka kukifanya kwa kupasua injini nzima. Na ukifanya yote mawili, intakula pamoja na uwiano wa 9, unarudi kwenye 420, joto lilelile la injini isiyo na turbo kabisa. Mgandamizo bado utakuwa mkubwa zaidi, kwa hiyo cheche lazima zicheleweshwe kidogo, lakini umeona mzigo mkubwa uko wapi. Hizi ni namba za nadharia, silinda halisi ina joto la kuta na moshi uliobaki, ila utaratibu wa nani anasaidia kuliko nani haubadiliki.

Kwa wanaopenda kujua: unyevunyevu wetu wa pwani unasaidia kidogo hapa. Mvuke wa maji ulioko hewani hupunguza hamu ya kugonga, ingawa unachukua nafasi ya oksijeni na kula nguvu kidogo. Usiutegemee, maana ukifika Lushoto asubuhi hewa ni kavu kuliko hii.

Utaniuliza, mbona viwanda vyenyewe hushusha? Ni kweli, vilishusha sana. Tazama injini za Toyota Mark II: 1JZ-GE ya mwanzo isiyo na turbo ilikuwa na 10 kwa 1, na dada yake 1JZ-GTE, silinda zilezile za milimita 86 na mwendo uleule wa 71.5, ikapewa 8.5. Nyuma zaidi, Saab 99 Turbo ya miaka ya 1970 ilishuka hadi 7.2. Lakini angalia mshale ulivyogeuka. 1JZ-GTE ya 1996 yenye VVT-i (mfumo wa kubadili taimingi ya valvu) ilipanda hadi 9. Na GR Yaris ya 2020, turbo kutoka kiwandani, ina 10.5, namba ileile ya IST yako. Usije ukachukua hilo kama ruhusa, ingawa. Ile ina petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na kuipoza kutoka ndani, na pistoni na konrodi zake (mikono inayounganisha pistoni na kranki) zilichorwa kwa turbo tangu siku ya kwanza. Ninachotaka uone ni kwamba viwanda vilipojifunza kupoza na kusikiliza injini, viliacha kukimbilia kushusha.

Kushusha kuna maana pale mtu anapotaka busti kubwa. Mafundi tuna hesabu ya haraka, si sayansi kamili lakini inafundisha: zidisha uwiano kwa mgandamizo unaoingia. Uwiano wa 10.5 kwa baa 1.5 ni 15.75. Uwiano wa 8.5 kwa baa 1.85 ni 15.7. Hatari inakaribiana, ila injini ya pili inameza hewa asilimia 23 zaidi, na hewa ndiyo nguvu. Mtu wa mashindano atachagua ya pili bila kusita. Wewe je? Uwiano ukishuka, injini inapoteza sehemu ya kazi inayokamuliwa kwenye kila tone la petroli. Kwa nadharia, 9 inakula asilimia 4, na 8.5 inakula 6, na hasara hiyo inakuwapo muda wote ambao turbo imelala. Kutoka Makorora kwenda sokoni, kusubiri kwenye foleni, kurudi nyumbani, turbo imelala karibu safari nzima. Utalipa kituo cha mafuta kila siku kwa ajili ya busti unayoitumia dakika chache kwa wiki. Na gari litakuwa zito kuondoka, zito kuliko lilivyo leo, mpaka turbo iamke.

Sasa gasketi mbili. Kwa silinda ya milimita 75, kila milimita moja unayonyanyua hedi inaongeza sentimita za ujazo 4.4. Kupata zile 7.4 za kufika 9 kwa 1 unahitaji kunyanyua milimita 1.67. Gasketi ya pili peke yake haifiki huko, kwa hiyo hata kwa lengo lake mwenyewe fundi wako atabaki njiani. Lakini hilo ni dogo.

Kubwa ni hili. Ukiitazama hedi kwa chini utaona kwamba chumba cha moto hakijaenea silinda nzima. Pembeni kuna sehemu bapa, na pistoni ikifika juu inaikaribia sehemu hiyo hadi inabaki nafasi ya milimita 1 hivi. Huo si uzembe wa mchoraji. Pistoni inapopanda, mchanganyiko ulioko pale pembeni unabanwa na kurushwa kwa nguvu kuelekea katikati, kwenye plagi. Kunatokea msukosuko, moto unatembea haraka, na kile kidogo kinachobaki pembeni kimekaa kati ya kuta mbili baridi zilizokaribiana, hakipati joto la kulipuka. Ni kinga dhidi ya kugonga iliyojengwa ndani ya umbo, haina waya wala sensa. Nyanyua hedi kwa milimita 1.67 na umeiua. Pembeni kunabaki mwanya mpana wa kutosha kuficha mchanganyiko, na mpana mno kuupoza. Moto unachelewa kufika, mchanganyiko unasubiri huku unapashwa, na unalipuka. Nimeona injini zilizoshushwa kwa njia hii zikigonga kuliko zilivyokuwa na 10.5, na wenyewe wakazidi kuzishusha wakidhani bado hazijashuka vya kutosha.

Halafu kuna suala la kuziba. Gasketi ya kisasa ya tabaka za chuma inataka nyuso mbili laini, bloku na hedi. Ukibandika gasketi juu ya gasketi, uso mmoja ni gasketi nyingine yenye matuta, tena inayosogea kila injini inapopata joto na kupoa. Mgandamizo wa turbo unatafuta hapo hapo. Na kwa kuwa hedi imepanda wakati cheni ya taimingi ina urefu uleule, taimingi ya kemshafti, shafti inayofungua valvu, nayo inarudi nyuma kidogo, kwa hiyo hata injini ikiwa baridi na turbo imelala haina raha.

Niliwahi kupokea gari lililofungwa hivyo, lililetwa juu ya gari la kuvuta kutoka barabara ya Mombo. Mwenyewe alikuwa akiliendesha mjini miezi kadhaa bila neno. Siku aliyopanda Lushoto na familia, kabla hajamaliza nusu ya mlima, maji yalichemka na kurudi kwenye chupa ya rejeta. Tulipofungua, gasketi zilikuwa zimeteleza na kuungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, na hedi ilikuwa imepinda. Walikuwemo watoto wawili wadogo ndani ya gari lile, kwenye kona zile unazozijua. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Kusaga vichwa vya pistoni nasema machache, maana uamuzi wangu hauna shaka. Chuma kilichopo juu ya pistoni kimewekwa kwa unene uliopimwa kubeba mgandamizo wa injini isiyo na turbo. Wewe unaongeza mgandamizo na joto, na saa ileile unapunguza unene. Ukisaga kwa mkono hutapata pistoni nne zenye uzito mmoja, na injini itatetemeka. Hata ukisaga kwa mashine, umesogea karibu na mfereji wa ringi ya kwanza, ambao ndio unaopasuka kwanza injini ikigonga. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana niliisaga seti moja, kwa uangalifu wote nilioujua. Haikumaliza mwaka, pistoni moja ilitoboka katikati. Sijarudia.

Sahani ya chuma inayowekwa kati ya gasketi mbili ina kasoro ileile ya kuua kinga ya pembeni. Konrodi fupi hali kadhalika. Kukwangua chumba cha moto kwenye hedi, kidogo tu, kulainisha ncha kali zinazowaka nyekundu, ni kazi nzuri na hata mimi huifanya. Kukikwangua hadi upate kijiko na nusu ni kutafuta njia za maji zilizo nyuma ya ukuta huo. Gasketi moja ya chuma iliyo nene kidogo kuliko ya kiwandani, kwa sehemu ya tatu au nusu ya milimita, inakubalika kama marekebisho madogo. Haikufikishi 9.

Njia yenyewe, kwa siku utakayoitaka, ni pistoni za kufuliwa, yaani zilizofinyangwa kwa kubanwa badala ya kumwagwa kwenye kalibu, zenye bakuli katikati. Kijiko na nusu kinachimbwa katikati ya kichwa cha pistoni, chini ya plagi, na ukingo bapa unabaki juu ukiikaribia hedi kama zamani. Uwiano umeshuka na kinga imebaki. Pistoni za namna hii zinatanuka zaidi zikipata joto, kwa hiyo silinda inachongwa kuacha nafasi kubwa kidogo, na asubuhi injini ikiwa baridi utasikia zikibisha hadi zipate joto, usishtuke. Mwanya wa ringi ya juu nao unaongezwa, kwa silinda ya milimita 75 ni kama 0.35 hadi 0.40, lakini karatasi inayokuja na pistoni ndiyo yenye kauli ya mwisho. Ringi zenye mwanya mdogo zikitanuka hadi ncha zikutane, zinavunja pistoni hata kama haijawahi kugonga. Na ukifika hapo badili na konrodi. Za 1NZ ni nyembamba, kila mtu aliyezitazama mkononi analijua hilo, na busti kubwa inazipinda.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi la pistoni. Pima. Hedi ikiwa mezani na valvu zimefungwa na plagi iko mahali pake, paka grisi ukingoni, funika chumba kwa kipande cha kioo cha plastiki chenye tundu dogo, halafu jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano la hospitali, ukihesabu. Chumba kimoja baada ya kingine, na vyote vinne vilingane. Bakuli la pistoni vilevile. Ongeza unene wa gasketi ikiwa imebanwa, ongeza umbali wa pistoni kutoka uso wa bloku. Ni kazi ya mchana mmoja. Fundi asiyekuwa tayari kuifanya asipewe injini ya turbo.

Lakini sidhani kama unahitaji hayo. Kwa gari lako ningeanza na geji: pima silinda zote nne injini ikiwa ya moto, kanyagio la mafuta limekanyagwa hadi chini. Zisipishane zaidi ya PSI 14, yaani karibu baa 1. Ikipatikana moja iliyolala, mimina oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi, na mpango wa turbo unasubiri oveholi.

Zikiwa nzima, funga turbo yako kwa busti ya baa 0.4, usizidi. Toyota kupitia TRD, tawi lao la magari ya mashindano, waliwahi kuuza Vitz RS ya turbo kwa injini ya ukoo huu huu ikiwa na nguvu za farasi 150, na hapo injini yako ya kawaida inatoa 110 hivi. Kwa gari jepesi kama IST, zile 40 za nyongeza utazisikia mgongoni. Intakula iwe mbele kabisa inakopigwa na upepo, isifichwe juu ya injini. Baa 0.4 ni hewa asilimia 40 zaidi, basi na petroli nayo asilimia 40 zaidi: nozeli kubwa za kupuliza petroli na pampu inayozimudu. Kontroli boksi ya kiwandani haijui kwamba kuna turbo, kwa hiyo unahitaji kompyuta inayopangika, na mtu wa kuipanga akiwa na sensa pana ya oksijeni kwenye ekzosi. Chini ya busti hewa na petroli viwe karibu 11.8 kwa 1, ile 14.7 ya matembezi ya kawaida hapo ni sumu. Cheche zicheleweshwe kwa digrii 1 kwa kila baa 0.07 kama mahali pa kuanzia, maana yake digrii 6 hivi kwa busti yako, kisha zipangwe kwa kusikiliza. Wale wanaokuuzia kipande cha waya cha kuidanganya sensa ili petroli iongezeke, waambie hapana. Petroli ya vituoni kwetu si ya mashindano, na haina subira na ujanja huo.

Plagi ziwe baridi kwa daraja moja, na mwanya ushushwe kutoka milimita 1.1 hadi 0.8, la sivyo busti itazima cheche. Bomba la oili linalorudi kutoka kwenye turbo liwe nene, lishuke bila kona, liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Badili oili kila kilomita 3,000 au 4,000. Ekzosi iliyoziba itolewe kabla ya yote, kwa kuwa moshi wa moto unaoshindwa kutoka unabaki ndani ya silinda na kupasha mchanganyiko unaofuata.

Jaribu gari kwanza barabara ya Segera, tambarare, kwa wiki kadhaa, ukitoa plagi na kuzisoma. Vidoti vidogo vinavyong'aa kwenye kauri yake nyeupe ni aluminiamu ya pistoni yako. Ukiviona, zima na umuite aliyekupangia kompyuta. Lushoto iwe ya mwisho. Kutoka Mombo unapanda mita 1,000 hivi ndani ya kilomita 30 na kidogo, kwa gia ndogo na mwendo mdogo, upepo haufiki vizuri kwenye intakula wala rejeta, na mguu uko chini muda mrefu. Hakuna barabara mkoa huu inayoonyesha kosa la kompresheni haraka kuliko ile. Safari ya kwanza nenda peke yako, asubuhi mapema, vioo vimeshushwa ili usikie injini. Ukisikia zile kokoto kwenye kopo, achia mafuta hapohapo, na urudi chini taratibu.

Ukishapima, niandikie namba za silinda zote nne na picha ya bamba lililoandikwa kwenye turbo. Nataka kujua ukubwa wake kabla hujanunua nozeli.